KIJANA, UMEOMBA MARA NGAPI BILA KUJUA?

Habari ya Enoch Sontonga, mtunzi wa wimbo uliouimba tangu darasa la kwanza

Kijana wa Isikizya, simama kidogo. Najua una safari zako. Labda unawahi gari la Tabora mjini, labda bodaboda yako iko pale na abiria anaita, labda umekuja uwanjani kwa ajili ya spika na ngoma tu. Sawa, karibu hivyo hivyo. Karatasi hii haina maneno magumu. Isome mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Unasema wewe si mtu wa kanisani. Eti mambo ya kuomba waachiwe akina mama na wazee waliochoka. Lakini hivi unajua kwamba wewe umeshaomba mara nyingi sana? Tena hadharani, walimu wakisikia! Ulisimama wima mstarini, mikono imenyooka, bendera ikapanda, ukafungua kinywa. Piga hesabu ya asubuhi zote za shule ya msingi. Ongeza sekondari kama ulifika. Ongeza sherehe za Uhuru na mechi za Taifa Stars ambako uliimba mbele ya televisheni huku umeshika soda, au kitu kikali zaidi ya soda.

Wimbo wetu wa Taifa, Mungu Ibariki Afrika, watu wengi wanadhani ulitungwa na serikali kwa ajili ya serikali. Sivyo. Huo wimbo ni OMBI. Ulizaliwa katika nyumba ya mwalimu mmoja wa misheni, ukaimbwa kwanza na wanafunzi wake, na mtu huyo alipoutunga alikuwa na miaka 24 tu. Kijana kama wewe! Alifariki kabla hajaona wimbo wake umefika wapi. Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Mkononi umeshika habari zake.

ALIKOTOKA

Sontonga alizaliwa mwaka 1873 hivi, katika mji wa Uitenhage, Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, shule ya wamisionari ambayo siku zile ilikuwa na sifa kubwa ya kuelimisha Waafrika. Mwaka 1896 akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti pale Nancefield, karibu na Johannesburg.

Sasa tulia nikueleze Johannesburg ya wakati huo, maana bila kuielewa hutauelewa wimbo. Dhahabu iligunduliwa pale mwaka 1886. Kabla ya hapo palikuwa majani na mashamba. Miaka kumi baadaye, Sontonga anafika, pameshakuwa mji mkubwa wa mashimo, mabanda, pombe, malaya, fedha na vilio. Vijana walimiminika kutoka kila upande, wengine kutoka Msumbiji kwa miguu. Sihitaji kukusimulia sana jambo hili. Wewe mwenyewe una kaka au rafiki aliyekwenda machimbo ya Nzega, Kahama au Geita. Aliaga kwamba anarudi na pesa ya kuoa. Wa Johannesburg nao waliaga hivyo hivyo. Wengine walirudi na vifua vibovu kwa vumbi la mawe, na wengine hawakurudi kabisa.

Kuna na jambo jingine ambalo wazee wa Unyamwezi wangelielewa upesi kuliko sisi. Sotoka! Ugonjwa ule uliomaliza ng'ombe huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1890 haukuishia huku. Uliendelea kushuka kusini, mwaka hadi mwaka, na mwaka 1896 ukaingia Afrika Kusini, mwaka ule ule Sontonga aliofika Nancefield. Zizi baada ya zizi likabaki tupu. Mzee aliyekuwa na heshima, mwenye ng'ombe wa kutoa mahari ya wanawe wote, akalala tajiri akaamka hana kitu. Ardhi nayo walikuwa wamekwisha kunyang'anywa na wageni wenye bunduki. Basi ikabaki njia moja tu, kushuka shimoni kwa mshahara wa kitumwa.

Huko ndiko alikopelekwa huyu mwalimu kijana. Mbele yake wamekaa watoto wa watu wa namna hiyo. Awafundishe nini? Kusoma na kuandika, ndiyo. Lakini Sontonga alikuwa na kipaji cha kuimba, akawafundisha na kuimba. Akawa anawatungia nyimbo yeye mwenyewe. Aliziandika kwa mkono kwenye daftari, kwa zile nota za solfa ambazo walimu wa kwaya wanazifahamu, akitumaini siku moja zitapigwa chapa. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni, kwa sababu alikuwa anaandika alichokiona.

Alikuwa na shughuli nyingine pia. Alikuwa mpiga picha, kazi ambayo siku hizo Mwafrika kuifanya ilikuwa jambo la kushangaza. Alihubiri kanisani ingawa hakuwa mchungaji. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji mashuhuri, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Ni maisha ya kawaida kabisa, si ndiyo? Mwalimu, mke, mtoto, kwaya, daftari.

OMBI LA MWAKA 1897

Mwaka 1897 Sontonga akatunga ubeti mmoja na kiitikio, na mwaka huo huo akautia muziki wake. Aliuita Nkosi Sikelel' iAfrika. Ulikuwa mmoja tu kati ya nyimbo nyingi za wanafunzi wake.

Angalia alichofanya. Alikuwa na kila sababu ya kutunga wimbo wa matusi kwa wazungu wa migodi. Angeweza kutunga wimbo wa kulewa, ukapendwa vilabuni na kumpatia pesa. Angeweza kutunga wimbo wa kulilia ng'ombe. Yeye akapiga magoti. Akamwendea Mungu moja kwa moja, akamwomba aibariki Afrika yote, ainue kichwa chake na asikie maombi ya watoto wake. Hakutaja kabila lake wala kijiji chake. Mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kuchapisha daftari lake aliliombea bara zima!

Na sasa nakuomba usome kwa makini, maana hapa wengi hawapajui. Kiitikio cha wimbo ule wa kwanza, kama alivyouandika Sontonga kwa Kixhosa, kinamwita ROHO MTAKATIFU ashuke. Ndiyo, Roho Mtakatifu! Kijana yule aliona kwamba watu wake hawataponywa na dhahabu wala na barua za malalamiko kwa gavana. Wanamhitaji Roho wa Mungu aje mwenyewe. Katika maneno yetu ya Kiswahili, ambayo yanaomba baraka kwa viongozi na kwa watoto wa Afrika, na kutaja hekima, umoja na amani, sehemu ile ya kumwita Roho haimo. Silaumu mtu. Wimbo wa taifa ni wa watu wa dini zote na wasio na dini. Lakini ni vizuri ujue kwamba ombi tuliloachiwa lina kipande ambacho wewe hujawahi kukiimba.

Mwaka 1899 wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji Boweni wa Kimethodisti, ambaye alikuwa Mtsonga. Mxhosa ametunga, Mtsonga anawekewa mikono, wote wako mbele za Mungu mmoja. Mwaka huo huo Waingereza na Makaburu wakaanza kupigana vita vilivyokwenda mpaka 1902, na mtu mweusi akaumia katikati.

DAFTARI LILILOAZIMWA

Sontonga hakuishi sana. Alikuwa akisumbuliwa na tumbo. Tarehe 18 Aprili 1905 akafariki mjini Johannesburg, akiwa na miaka kama 32. Thelathini na miwili, kijana! Hapo Isikizya kuna watu wa umri huo bado wanaitwa vijana na hawajajenga. Daftari lake lilikuwa halijachapwa. Akazikwa katika makaburi ya Braamfontein, upande uliotengewa Waafrika Wakristo.

Mjane wake Diana akabaki na nyimbo. Walimu wa kwaya walikuwa wakija kuziazima, maana zilipendwa. Wewe unajua mambo ya kuazimisha. Daftari lenyewe likapotea. Na inaelezwa kwamba haki za wimbo ule mkuu Diana aliziuza kwa peni sita. Peni sita! Kwa hesabu ya leo ni kama bei ya maandazi machache. Alifariki mwaka 1929.

Hata kaburi lilipotea. Katika miaka ya 1990, nchi yao ilipopata uhuru wa kweli, wakataka kumpa heshima, wakatafuta jina la Sontonga katika vitabu vya makaburi, wasilione. Kumbe aliandikwa kwa jina la Enoch tu, bila ukoo. Mtu ambaye ombi lake liliimbwa na mataifa, kwenye rejista alikuwa Enoch fulani. Tarehe 24 Septemba 1996 mahali pale pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, naye Rais Nelson Mandela akazindua mnara wake. Miaka 91 baada ya kuzikwa.

WIMBO UNASAFIRI

Wewe umekulia kwenye njia ya safari. Hii nchi yetu ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe na nguo mabegani miezi mitatu, na waliimba njia nzima. Kirangozi mbele anaanzisha, nyuma wanaitikia, mzigo unapungua uzito. Waliotunga nyimbo zile hakuna anayejua majina yao. Na katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, na hao hawakuimba kwa furaha. Kwa hiyo usidhani ombi la Sontonga ni la watu wa mbali. Udongo huu nao unalihitaji.

Baada ya mtunzi kufa, wimbo ulianza safari yake. Kwaya ya shule ya Ohlange, shule ya John Dube, iliuimba huku na huku. Tarehe 8 Januari 1912 Waafrika walikutana Bloemfontein kuunda chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, na baada ya sala ya kufunga wakauimba. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi kwenye santuri mjini London. Mwaka 1925 chama kile kikaufanya wimbo wake wa kufungia mikutano, na mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akachapisha beti saba za kuongezea. Ukaimbwa kwenye mikutano. Ukaimbwa makaburini, walipokuwa wanazika vijana waliouawa na ubaguzi.

Hatimaye ukavuka Limpopo na Zambezi. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipopanda, wimbo wa taifa jipya ulikuwa ni huo, kwa maneno ya Kiswahili. Aliyeongoza nchi siku ile, Julius Nyerere, alikuwa amesoma hapo hapo Tabora School na kufundisha St. Mary's, na ni Tabora ambako mwaka 1958 chama chake cha TANU kilifanya ule mkutano wa kukubali kura tatu. Zambia nayo ikachukua sauti hiyo mwaka 1964 kwa maneno yake. Zimbabwe iliutumia kuanzia 1980 hadi 1994. Afrika Kusini yenyewe ikausimamisha rasmi mwaka 1994, na tangu 1997 umeunganishwa na wimbo mwingine kuwa mmoja.

Wakoloni waliomwona Sontonga kuwa si kitu, nani anawaimba leo? Lakini ombi la kijana mmoja linaimbwa kila asubuhi na watoto ambao hawajui hata kwamba alikuwepo.

SASA NIKUULIZE WEWE

Wewe uliyeomba miaka yote hiyo, UNAMJUA UNAYEMWOMBA?

Usikasirike. Nauliza kwa upendo. Mtu anaweza kuimba ombi maelfu ya mara na moyo wake ukawa kwenye chai ya saa nne. Nabii Isaya aliwakemea watu wa namna hiyo katika sura yake ya 29, na Yesu mwenyewe akalirudia jambo hilo katika Mathayo 15. Midomo iko karibu na Mungu, moyo uko kilabuni. Asubuhi mstarini unaomba baraka, jioni unazitafuta kwenye gongo, kwenye bangi, kwenye simu ya kubeti, au kwa mganga wa kukufungulia nyota. Msimu wa tumbaku ukilipwa, pesa ya mwaka mzima inaisha wiki mbili, halafu unasema umelogwa. Nani amekuloga, rafiki yangu? Dhambi ndiyo inakumaliza!

Sontonga alijua anazungumza na nani. Yesu Kristo hakuwa kwake jina la kupambia wimbo. Ndiyo maana aliweza kuomba akiwa maskini, katikati ya mji mchafu, na asiwe mchafu.

Na ninakwambia, Mungu alijibu kwa namna ambayo hata yeye hakuiona. Mwaka 1908, miaka mitatu tu baada ya kuzikwa kwake, katika mji ule ule wa Johannesburg, mtaa wa Doornfontein, ulianza uamsho wa Kipentekoste. Watu weusi na weupe walijazwa Roho, wagonjwa wakaombewa, na moto ule ukaenea kusini yote mwa Afrika. Sisemi Sontonga alikuwa Mpentekoste, hakuwahi kulisikia neno hilo likitumika hivyo. Nasema aliomba Roho ashuke, na Roho akashuka. Wewe utasema imetokea tu. Mimi nilishaacha kuamini mambo ya kutokea tu.

Labda unajiambia bado mapema. Nioe kwanza, nijenge, nile ujana, nikizeeka nitaokoka. Nani amekuahidi uzee? Yule alikuwa na miaka 32, ana mke, ana mtoto, ana daftari la mipango lisilokwisha. Tofauti ni kwamba tumbo lilipomshika alikuwa tayari. Bodaboda ikiteleza leo usiku barabara ya Nzega, wewe uko tayari? Ukifukiwa machimboni wiki ijayo? Kitabu cha makaburi kilikosea jina la Sontonga, watu wakamtafuta miaka. Kuna kitabu kingine, kinasomwa habari zake katika Ufunuo 20, ambacho hakikosei majina. Humo ama umeandikwa ama hukuandikwa. Hakuna peni sita ya kununulia nafasi, na huwezi kuazima wokovu wa mama yako kama walivyoazima lile daftari.

Bei yake imelipwa. Yesu aliilipa msalabani kwa damu yake, kwa ajili ya mwizi, kahaba, mlevi, na kwa ajili ya kijana mpole ambaye hana kosa linaloonekana lakini moyoni anajijua.

UFANYE NINI?

Uombe. Safari hii uombe kwa jina lako, si kwa jina la taifa. Usitafute maneno ya kanisani kama huyajui. Kinyamwezi anakijua, Kiswahili cha mtaani anakijua. Popote ulipo, uwanjani au chini ya mwembe, mwambie Mungu kwamba wewe ni mwenye dhambi na umechoka nayo. Zitaje zile unazozikumbuka. Mwambie unaamini Yesu alikufa kwa ajili yako na akafufuka, na kuanzia leo yeye ndiye Bwana wa maisha yako. Mwombe akuoshe. Kisha malizia na kile kipande ambacho hukuwahi kukiimba shuleni. Mwombe Roho Mtakatifu ashuke juu yako.

Ukimaliza, usiondoke kimya kimya. Wahudumu wamesimama kulia kwa jukwaa, nenda uwaambie umeokoka, watakuandika na kukupa Injili ya Yohana bure. Anza na sura ya 3. Kama una chupa mfukoni au hirizi kiunoni, njoo nayo, usione aibu, tumeshapokea nyingi na tunazichoma pamoja. Kama karatasi hii imekufikia na mkutano umekwisha, tafuta kanisa lolote la watu waliookoka lililo karibu nawe Jumapili hii, umwambie mchungaji ulichoomba.

Na kesho asubuhi ukipita karibu na shule, watoto wako mstarini wanaimba, simama. Imba nao.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.